Waliokataa Butura

Msyuu! Eti Kenya imewahi kuwa na bendi moja tu, Sauti Sol, na walipoaga jukwaani Novemba 2023 muziki wa Nairobi ukafunga duka. Maneno hayo yametoka kwa kijana wa bodaboda hapa kijiweni kwetu Isingiro, tena kwa kujiamini, kana kwamba ndiye aliyewapa Bien na wenzake nauli ya kwanza kwenda studio. Watu wazima wakatikisa vichwa kukubali. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki.

Sauti Sol siwabezi. Julai 2015 Obama alicheza nao Ikulu ya Nairobi, dunia nzima ikaona. Nani abishane na hilo? Lakini kabla vijana wa Nairobi hawajaanza kusema kwa sauti kuwa muziki wao ni mali yao, kuna wanne waliokuwa wameshaufanya hivyo bila kelele.

"Waitu, wataje basi," akasema Mwalimu mstaafu.

Just A Band, nikasema. Wakanitazama kama nimetaja dawa ya minyoo.

Kwa msomaji aliye mbali: Isingiro ninayoisema ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, ile iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kuna Isingiro nyingine ng'ambo ya Mto Kagera, Uganda, na wao wana vijiwe vyao na waongo wao. Sisi huku tumezungukwa na miziki ya watu. Ukienda upande wa Murongo simu inashika mtandao wa Uganda kabla hujavuka mto, redio inaleta Kampala na Kigali, na Bongo Flava inafika na kila basi. Muziki wa Nairobi unatufikia pale tu ukishakuwa mkubwa. Ndiyo maana Sauti Sol tunawajua, na hao wengine mpaka mtu aje abishe.

Haya. Walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, miaka ya mwanzo ya 2000: Bill Sellanga, anayejulikana zaidi kama Blinky Bill, Daniel Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Chuo chenyewe kiko eneo linaloitwa Kahawa, kando ya Barabara ya Thika, kwa hiyo na wao ni watoto wa Kahawa, ingawa sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kuanika.

"Walikuwa na magitaa mangapi?" Mwalimu akauliza.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza rasmi. Kwa Mwalimu, bendi ni watu ishirini wenye suti za kufanana, tarumbeta, saksafoni, na mwimbaji anayefuta jasho kwa leso. Msondo. Sikinde. Nikamwambia hawa walikuwa wanne na kompyuta. Akasonya msonyo mrefu, wa kustaafu nao. "Hiyo si bendi. Hao ni makarani."

Nikamwuliza: zile tarumbeta za Msondo zilikuwa za nani? Akanyamaza kidogo, maana anajua. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, na ndiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma. Jina lilibadilika kila chama kilipobadilika, kwa sababu mwenye bendi alikuwa chama. Mlimani Park ya mwaka 1978, hiyo Sikinde yake, ikaja kuwa mali ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na bendi yao, JKT yao, Umoja wa Vijana yao. Mwanamuziki aliajiriwa, akapewa mshahara na gitaa. Akifukuzwa, mshahara ulibaki na gitaa likabaki. Siyo kwamba mfumo ule ulikuwa mbaya wote. Umetupa nyimbo ambazo hadi leo hazina mpinzani. Ila mtu alitunga wimbo ukaimbwa na nchi nzima, akazeeka akiwa hana hata waya wa kipaza sauti.

Hao makarani wa Mwalimu, kompyuta ilikuwa yao. Hapo ndipo penye habari yote. Walijirekodia wenyewe. Muli alikuwa mchoraji, kwa hiyo michoro haikutafutwa kwa fundi. Chuchu na Masya walishika kamera, kwa hiyo video hazikusubiri mfadhili. Albamu ya kwanza, *Scratch to Reveal*, ikatoka mwaka 2008. Redio za Nairobi wakati huo zilikuwa na genge, kapuka, injili na miziki ya Marekani, na hizi sauti laini zilizokaa juu ya midundo ya kompyuta hazikuwa na kabati la kuziweka. Ni muziki wa mtu anayecheza dansi huku anafikiria jambo jingine. Sikufichi, msomaji: kwenye arusi ya Kinyambo hautanyanyua mtu kitini. Lakini usikilize usiku ukiwa peke yako, utaelewa.

Na mwaka wenyewe ukumbuke. Kenya ilikuwa imetoka kuchinjana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Katika mji uliokuwa unaulizana kabila mlangoni, wakatokea vijana wanne wa majina mchanganyiko wakiimba mambo ya kawaida ya ujana, Kiingereza, Kiswahili, na humohumo jina la wimbo la Kidholuo, *Iwinyo Piny*. Hawakuhubiri amani. Tunajua nyimbo za kuhubiri amani zinavyochosha.

"Muziki wa kujitegemea," nikawaambia, ndivyo watu wa huko duniani wanavyouita: huna kampuni kubwa juu yako, huna tajiri, unafanya na unachokiweza.

"Kujitegemea?" Mwalimu akachangamka. "Kumbe Azimio la Arusha lilihamia Nairobi!"

Tukacheka. Lakini si uongo sana.

Albamu ya pili, *82*, ikatoka mwaka 2009, na Machi 2010 ikaja video ya wimbo wa *Ha-He*. Hii ndiyo iliyowapasulia ukungu. Wakaitengeneza kama zile filamu za Wamarekani weusi za miaka ya 1970: jamaa mwenye nywele za afro na kitambaa kichwani, anatembea mtaani kwa madaha, anapiga wabaya mpaka wabaya wanaona haya. Jina lake Makmende. Jina hilo watoto wa Nairobi walilijua tangu miaka ya 1990; lilizaliwa kwa kusikia vibaya maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu, na mtoto aliyejifanya shujaa aliulizwa kama anajiona Makmende. Bendi ikaliokota jina lililosahaulika, ikalivisha nguo.

Basi Wakenya wakaichukua na kukimbia nayo. Ndani ya siku chache mitandao ilijaa vichekesho vya Makmende, majalada bandia ya magazeti makubwa ya dunia yenye sura yake, watu wasiojuana wakishindana kumpa sifa. CNN wakaandika, Wall Street Journal wakaandika, na wengi wakasema ndicho kichekesho cha kwanza cha mtandaoni cha Kenya kusambaa kiasi hicho. Uangalie na wakati: kebo ya SEACOM ilikuwa imefika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, miezi minane tu kabla. Intaneti iliyokuwa ikitambaa kwa satelaiti imeanza kutembea, vijana wa Nairobi wameingia Twitter na Facebook, hawana cha kwao cha kuchekea humo. Wakapewa. Wala bendi haikumlipa mtu atangaze.

Kijiwe chetu hakikukubali kuachwa nyuma. Kijana wa bodaboda, aliyekuwa bado amenuna kwa ajili ya Sauti Sol, ndiye aliyeanza: "Makmende akifika Murongo, mpaka ndio unaomba kumvuka." Fundi simu akadaka: "Makmende haendi mnadani, bei inamfuata nyumbani." Mwalimu akafunga: "Makmende akianika kahawa, jua linaomba ruhusa ndipo lizame." Miaka yote hiyo imepita na chakula bado kina moto. Hivyo ndivyo ninavyopima mimi bendi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikasirike tangu mwanzo.

Hapa kwetu kuna biashara inaitwa butura. Mkulima wa Kagera hahitaji kuelezwa, nawaeleza wengine. Kahawa iko kwenye maua, mtoto amerudishwa ada, au kuna mgonjwa, au msiba. Anakuja bwana mmoja na fedha mkononi. Anatazama mibuni, anakadiria, anakupa fedha leo. Kahawa ikiiva unachuma wewe, unaanika wewe, gunia ni lake. Bei ikipanda mara mbili, imepanda kwake. Viongozi wanaikemea kila msimu, na kila msimu ipo.

Muziki wetu wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi umeendeshwa kwa butura. Wimbo mmoja una haki mbili ndani yake, na wengi hawajui. Kuna haki ya aliyetunga, na kuna haki ya mwenye ile rekodi iliyopigwa studio. Mwenye rekodi ndiye anayekata tiketi: rekodi hiyo ikitumika kwenye filamu, kwenye tangazo, ikiuzwa upya miaka ishirini baadaye, anabishiwa hodi yeye. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ikazaliwa humo. Sheria nzuri. Lakini sheria haimlishi kijana aliyeshuka basi Ubungo na daftari la mashairi, hana pa kulala, na mbele yake kuna msambazaji wa Kariakoo mwenye fedha ya mkupuo. Anasaini. Wimbo bado uko kwenye maua.

Just A Band walikataa kuuza maua. Hiyo ndiyo hoja yangu, na niliitamka kwa ukali kidogo, nikigonga benchi.

"Aliyeshiba ndiye anayekataa butura," akasema dada wa chapati, bila kugeuka kutoka kwenye kikaango chake.

Nilidhani hasikilizi. Akaendelea: "Hao wako chuo kikuu, kaka. Wana kompyuta. Wamelala hosteli, wamekula mesi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa uza wimbo, anasema subiri nifikirie. Sasa mchukue Saida."

Hakutaja Karoli. Mkoa huu hakuna haja.

Saida Karoli ni wa kwetu, mtoto wa Bukoba, mwimbaji na mpiga ngoma aliyeimba Kihaya bila kuomba radhi. Mwaka 2001 *Maria Salome* ulitoka, na nchi nzima ikacheza lugha isiyoijua. Akavuka mipaka: Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo. Kisha akapotea masikioni, akazushiwa hata kifo, watu wakamlilia mtu aliye hai. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua ule wimbo wakaufanya *Salome*, ukawaka tena kuanzia Mwanza mpaka Mombasa, vijana wasiokuwa wamezaliwa mwaka 2001 wakaukatikia kama wao ndio waliouchimba. Hapa Isingiro tulijivuna wiki nzima. Katikati ya majivuno hayo mtu mmoja akauliza shilingi ya kila mchezo huo inaingia mfuko wa nani, na kijiwe kikaingia kwenye habari za Simba na Yanga.

Ntsk. Tuna tabia hiyo.

Dada wa chapati hakuwa anasema Saida alikosea. Alikuwa anasema mtu hachagui butura kwa ujinga. Anachagua kwa sababu hakuna mwingine aliyebeba fedha siku ile. Msichana wa kijijini aliyetoka na ngoma yake angekopa wapi? Benki ingempokea na nini, hati ya sauti? Nimeifikiria hoja hiyo tangu siku ile na sijapata pa kuipenyea. Sifa ninayowapa wale wanne ina nusu ya bahati ndani yake.

Ila walichofanya na bahati yao, hicho ni chao. Jim Chuchu aliiacha bendi mwaka 2012, mwaka uleule albamu ya tatu, *Sorry for the Delay*, ilipotoka. Akawa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha Nest huko Nairobi. Filamu yao ya mwaka 2014, *Stories of Our Lives*, kuhusu maisha ya Wakenya wa mapenzi ya jinsia moja, ilipokelewa Toronto na ikapigwa marufuku nyumbani kwao. Kijiwe kikazomea hapo, kila mtu na lake, na sikuwa na nguvu ya kufungua kesi nyingine. Jambo ninalotaka mlijue ni jingine: kikundi hichohicho cha Nest ndicho kilichosaidia kuzaa HEVA, mfuko unaowapa fedha wabunifu wa Afrika Mashariki, washonaji, wanamuziki, watu wa filamu, kama biashara nyingine yoyote. Yaani mtu wa bendi alikwenda kulitafutia jibu lilelile swali la dada wa chapati: nani atabeba fedha siku ile, asiye mnunuzi wa maua?

Nilipomwambia, akageuza chapati. "Hapo sawa," akasema. Kwa dada huyu, hiyo ni hotuba ndefu.

Mbithi Masya naye akaongoza *Kati Kati*, ya mwaka 2016. Binti anazinduka nyikani, hajui kafikaje, anajikokota mpaka hoteli ya watalii, na huko anaambiwa amekufa na wenyeji wake wamekufa vilevile. Toronto wakosoaji wa kimataifa wakaipa tuzo yao, na Kenya ikaichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Nasema hivi bila kupepesa: ni miongoni mwa filamu bora zilizotoka upande wetu huu wa dunia, na ni fupi, kwa hiyo huna kisingizio. Blinky Bill akabaki kwenye muziki, akatoa albamu yake mwaka 2018 yenye jina refu kuliko kanzu ya askofu, nami nitakuachia uitafute mwenyewe.

"Sasa kama ni wakubwa hivyo," kijana wa bodaboda akarudi, "mbona mimi siwajui? Sauti Sol nawajua. Walikuja na Ali Kiba. Hao wako wapi?"

Swali halali, na nisingependa kulikwepa. Kujitegemea kunachelewesha. Albamu tatu katika miaka mitano ni nyingi kwa watu wanaojichorea, wanaojipigia picha na kujiuzia; lakini tajiri mwenye magari ya matangazo angewafikisha Kyerwa wakiwa bado pamoja. Hawakujaza viwanja. Mashabiki wao walikuwa wa mjini, wenye simu kubwa, wanaokaa kwenye nyasi za Blankets and Wine, tamasha ambalo Muthoni Drummer Queen alilianzisha mwaka 2008. Kuna kiburi fulani cha watu wa nyasi hizo ambacho na mimi hakinipendezi. Wanapenda bendi isijulikane, ikijulikana wanahama.

Sauti Sol wenyewe walianza kwa njia za pembeni, wakapanda taratibu, na mwaka 2020 wakasaini na Universal. Wakati huo walikuwa na jina, na mtu mwenye jina hujadili bei akiwa ameketi. Kijana akapiga makofi, akidhani nimemkubalia. Nimemkubalia nusu.

Nusu nyingine iko kwa vijana waliofuata. Mwaka 2018 Ethic wa mtaa wa Umoja, Nairobi, wakatupia *Lamba Lolo* YouTube na kuanzisha gengetone bila kupiga goti kwa redio yoyote. Huku kwetu singeli ilizaliwa uswahilini Dar, kwenye studio za chumba kimoja, na mwaka 2017 kampuni ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa *Sounds of Sisso*, Wazungu wa Ulaya wakaanza kurukaruka kwa mwendo wa Manzese. Sisemi hao ni watoto wa Just A Band. Pengine hawajawahi kuwasikia. Nasema siku hizi kijana akikaa chumbani na kompyuta akasema anatengeneza albamu, mama yake hadhani anaumwa. Mwaka 2003 alidhani.

Ndipo fundi simu, aliyekuwa kimya kwa muda mrefu akichokonoa kioo cha simu ya mtu, akasema kama ninazo hizo nyimbo zao nimpe, aziweke kwenye kompyuta. Kuna wateja wanapenda vitu vigeni. Kujaza memori kadi nzima ni shilingi 1,000.

Dada wa chapati akashika kiuno. "Katika hiyo elfu, Saida anapata ngapi?"

"Saida?" fundi akashangaa kikweli. "Mimi nauza umeme na muda wangu. Nyimbo nazitoa bure." Kisha akamgeukia Mwalimu, kwa heshima zote za mtoto aliyefundishwa naye. "Mzee, zile za Msondo nilizokujazia mwezi uliopita, mbona hukuniuliza za nani?"

Mwalimu akakohoa. Akatafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

"Hizo," akasema, "ni mali ya umma. Zile tarumbeta zilinunuliwa kwa ada yangu ya JUWATA."